Meno Yangu Kwenye Bango

Supamaketi ilipofunguliwa Nchelenge, mji wetu wa kando ya ziwa, akina mama wa samaki walikuwa wanavua patapata mlangoni. Hakuna aliyewaambia wavue. Sakafu ilikuwa nyeupe, inang'aa mpaka unajiona, na mtu aliyetoka ufukweni na matope miguuni aliona aibu kuikanyaga. Walisimama nje na viatu mkononi, wakachungulia, na wengi wakarudi sokoni bila kuingia. Nilikuwa nawaona kutoka kwenye kaunta ya malipo, na nilicheka kimoyomoyo, maana siku yangu ya kwanza ya kazi na mimi nilivua vyangu.

Meneja hakucheka. Alikuwa kijana kutoka Lusaka, mwenye adabu, shati limepigwa pasi saa zote, na aliona wazi kwamba duka lake linaogopwa. Walioingia walikuwa walimu na watu wa ofisi za halmashauri. Wavuvi na wafanyabiashara wa kutoka Kongo, wenye pesa hasa, walipita mbele ya mlango wakaenda kununua sukari ile ile vibandani, tena kwa bei ya juu. Ndipo makao makuu yakaamua kuweka bango. Hawakutaka familia ya mjini inayosukuma kigari cha manunuzi. Walitaka sura ya hapa hapa, mtu wa ziwani ndani ya sare ya duka, ili watu wa ziwani waone kwamba mlango ni wao pia.

Wakanichagua mimi. Nilizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, nikaletwa huku mgongoni mwa mama aliyekuja kuuza samaki na hakurudi tena. Kibemba nakisema, Kiswahili cha kwetu nakisema, na Kiingereza cha kaunta nakisema. Mpiga picha alitoka Mansa. Alinisimamisha nikiwa na shati la rangi ya machungwa, kofia ya kijani na kibandiko cha duka kifuani, nimekumbatia mfuko wa unga wa mahindi kama mtoto mchanga. "Toa meno, mama," alisema. "Toa yote." Nikatoa mpaka mashavu yakauma.

Bango lilisimikwa kwenye kona ya kuteremkia bandarini, limeelekea ziwa, ili kila anayeshuka kwenye boti akutane nalo kwanza. Lilikuwa refu kuliko nyumba yangu, na hapo sitanii. Chini yake waliandika kwamba hapa unapokewa kwa tabasamu. Gari la kipaza sauti nalo likawa linazunguka mitaani likirudia maneno hayo hayo, huku muziki ukipigwa juu kabisa.

Na watu waliingia, nakiri. Mama mmoja aliyenijua tangu naosha sufuria ziwani alikuja, akanitazama, akatazama shati, kisha akaingia na patapata zake miguuni. Sokoni, nilipokuwa nauza samaki, mwanamke huyo huyo hakuwahi kunilipa bila kudai mbasela, ile nyongeza ya mwisho ambayo kwetu ni haki ya mnunuzi. Mbele ya kaunta hakudai kitu. Alilipa, akasema asante, akaondoka taratibu. Meneja alitufundisha hivyo asubuhi tukiwa tumejipanga kabla ya kufungua mlango: "Ukivaa shati hili, wewe si wewe tena. Wewe ni duka." Wenzangu walilalamika kwamba shati linachoma mwili kwa joto. Mimi nililipenda, kwa nini niseme uongo? Hakuna nguo nyingine iliyowahi kunipa heshima namna ile.

Mume wangu alikuwa na boti ya injini. Alibeba watu na mizigo kati ya hapa na Kilwa, kisiwa cha humu ziwani alikozaliwa. Abiria wake walimtania sana kuhusu bango. Walimwambia mkewe anamchekea kila mwanamume anayeshuka bandarini, na yeye hana habari. Alikuja kunisimulia jioni, anacheka, watoto wetu wawili wamemkalia magotini. Alikuwa mtu wa kucheka.

Kisha boti ilipinduka. Alikuwa amebeba saruji na watu, upepo ukageuka, mzigo ukahamia upande mmoja. Waliookolewa waliokolewa, na maiti za wengine zilipatikana. Yake haikuonekana. Kwa siku nyingi wavuvi walizunguka na nyavu zao, wakarudi wakitutikisia vichwa kabla hata hawajafika ufukweni.

Lazima nieleze desturi moja, bila hiyo hamtaelewa. Katika ukoo wa mume wangu, mtu akifa majini na asipopatikana, nyumba yake haicheki. Mjane ndiye anayebanwa zaidi. Haonyeshi meno mbele ya mtu, na hata akila anafunika mdomo kwa kitenge. Wanasema ziwa likiona nyumba ya marehemu ina furaha, litadhani halijachukua kitu cha mtu, na halitamrudisha. Niliyakuta hayo nilipoolewa. Sikujiuliza kama nayaamini. Nilimtaka mume wangu atoke majini, nikafunika mdomo.

Mama mkwe alikuja kutoka Kilwa kukaa kilio nyumbani kwangu. Alishuka bandarini akiwa amefungwa kitenge cheusi kichwani, akainua macho, akaniona kwenye bango. Alipofika nyumbani hakunipa mkono. Alikaa kwenye mkeka, akasubiri wanawake wengine wanyamaze.

"Mi najua njo foto," alisema kwa Kiswahili cha ziwani, ambako maji ni mayi na ndiyo ni njo. "Siko mujinga. Lakini ile meno ni ya nani? Si ni yako? Mutoto wangu iko mu mayi, na muke yake anamuchekea pale juu, muchana yote."

"Mama, ile ni ya kazi," nilimjibu.

"Basi ile kazi iende imutoe mu mayi." Akawatazama watoto waliokuwa wamelala pembeni. "Sikia. Kama ile meno haitoke, batoto ya mutoto wangu nitaenda nabo Kilwa. Habawezi kulala mu nyumba yenye kuchekea kilio."

Hakupiga kelele, na ndicho kilichonitisha. Ningekuwa na wazazi au kaka hai wangenisemea, lakini sikuwa na mtu. Kwa ukoo ule mimi nilikuwa mwanamke wa ng'ambo.

Nilikwenda kwa meneja nikiwa na kitenge mdomoni. Alisikitika, na nadhani alisikitika kweli. Aliniuliza mazishi ni lini. Nikasema hatuna maiti. Akauliza tena, polepole, akidhani sijaelewa Kiingereza chake, kwa sababu likizo ya msiba inahesabiwa kwa mazishi. Bila mazishi, kwa duka, hakuna aliyekufa. Aliniambia nirudi kazini, vinginevyo nafasi yangu itapewa mwingine, na wanaoitaka wamejaa mlangoni.

Nilikuwa nimebanwa pande zote. Boti ilikuwa chini ya ziwa na mshahara wangu ndio uliobaki. Nikiacha kazi, watoto watachukuliwa kwa sababu sina cha kuwalisha. Nikibaki, watachukuliwa kwa sababu ya meno. Nikarudi kazini, nikijua kwamba nyumbani mama mkwe anaangalia ninavyotoka na shati la rangi ya machungwa huku wenzangu wa kilio wamekaa chini.

Nilikaa kaunta na kitambaa cheusi nimekifunga tumboni, ndani ya sare. Sikutabasamu. Wateja walinitazama, wakaangalia kama kuna kaunta nyingine, wakahamia huko. Walikuwa wamezoea mwanamke wa bango, na sasa wamempata yuleyule akiwa na uso wa maiti. Meneja alinitoa mbele akanipeleka stoo kufungua makatoni. Alisema ni kwa ajili yangu, nipumzike. Hasira zilinipanda, lakini nilizimeza na kuomba jambo moja tu: ashushe bango.

Akasema hana mamlaka hayo, bango ni la makao makuu na muda wake haujaisha. Nikamwambia yule ni mimi, na mimi nina msiba. Alifikiri kidogo, kisha akanijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Yule wa kwenye bango hana mume. Yule ni mhudumu tu."

Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo natamani ningemmwagia kitu usoni. Nilirudi stoo nikaendelea kupanga sabuni.

Jumapili, baada ya ibada, nilichukua kitenge changu kikubwa kuliko vyote, cheusi, nikamwambia mama mkwe twende. Wanawake wa kilio walitufuata. Fundi rangi jirani yetu alituazima ngazi yake ndefu bila kuuliza maswali. Nilipanda mimi mwenyewe. Kwa karibu uso wangu ulikuwa vidoa tu vya rangi, na jino moja lilikuwa pana kuliko sahani. Kitenge hakikutosha kufunika uso. Kilitosha mdomo. Nikakifunga kwa waya huku na huku, nikateremka, nikaangalia. Yule mwanamke alikuwa bado na macho yanayocheka, na mfuko wake wa unga kifuani, lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa kama wangu. Wanawake wakaanza kulia kwa sauti. Mama mkwe alinishika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike, na mimi nikaona nimewapata watoto wangu.

Watu walipiga picha kwa simu. Kufika Jumatatu picha ilikuwa imeshazunguka mpaka Mansa, na sijui nani aliifikisha Lusaka, lakini ilifika. Wengine waliandika kwamba duka la tabasamu limefungwa mdomo kwa kitambaa cha kilio. Wengine waliandika kwamba chakula chake kimeua mtu. Asubuhi hiyo hiyo meneja aliniita. Alikuwa anaogopa kupoteza kazi yake. Alisema nimechafua sura ya kampuni, nirudishe shati na kofia, vyote vimefuliwa. Nilikwenda nyumbani nikavifua. Nilikuwa nasuuza kofia wakati wavuvi walipokuja kupiga hodi.

Walikuwa wamempata. Alikuwa amekwama kwenye mafunjo, upande wetu huu huu, na sisemi zaidi kuhusu hali yake. Mama mkwe alimtambua kwa mkanda. Mimi nilimtambua kwa miguu. Nililia, na ndani ya kilio kile kulikuwa na furaha, sikatai, kwa sababu sasa nilikuwa na mtu wa kuzika na deni langu kwa ukoo wake nililiona limekwisha. Tulimzika hapa hapa Nchelenge. Tulipokuwa tunapita na jeneza kwenye ile kona, vijana wa duka walikuwa juu ya ngazi, wamevaa sare, wanafungua kitenge changu. Walivua kofia tukipita. Meno yalikuwa yameshaonekana tena.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Nilinyolewa nywele, nikaogeshwa, nikapewa kitenge cheupe. Nilidhani mazungumzo yatakuwa ya nyumba na vyombo. Mama mkwe alinisogelea akakaa karibu kabisa, akanipangusa uso kwa kiganja chake.

"Tulifunika, akatoka," alisema.

Nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani ananishukuru.

"Basi njo ile meno ilikuwa inamushika. Siku zote zile. Si mi njo nasema, umeona na macho yako." Alikuwa analia. "Sikuchukie, mama. Lakini batoto siwezi kubaacha kwako."

Ningeweza kumwambia kwamba mtu wa majini huibuka akishatimiza siku zake, kwamba kitenge hakina uhusiano, kwamba yale ni karatasi na gundi. Lakini nilikuwa nimepanda ngazi mimi mwenyewe, mchana, mbele ya watu wote, na kukifunga kwa mikono yangu. Kila mtu pale mkekani alikuwa ameniona. Nilisema tu kwamba mimi ni mama yao. Akasema anajua. Wazee wakauliza nitawalisha nini sasa kazi sina.

Mama mkwe na watoto walisafiri kwa boti ya asubuhi. Msichana wangu mkubwa alikataa kunitazama. Alikuwa amekasirika na mimi, na alikuwa na haki. Mdogo alikuwa hajaelewa. Kwake ilikuwa safari ya kwa bibi. Nilisimama ufukweni na kichwa changu kilichonyolewa na kitenge cheupe, injini ikawaka, boti ikageuza pua. Mdogo alipogeuka kuangalia ufukweni alinyoosha mkono akaanza kupunga kwa nguvu zote, anaita mama, mama, anacheka. Nikainua wangu nikapunga. Nilipunga kwa muda kidogo kabla sijaona kwamba macho yake yamepita juu ya kichwa changu, kwenda kule nyuma, kwenye kona ya bango. Alikuwa anamuaga yule mwenye shati la rangi ya machungwa.