Pamba ya Tangawizi

Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, Mzungu mmoja alikuja kununua pamba kijijini kwetu Nkoma. Mimi, mwalimu wa Kiingereza, nikawa mkalimani wake. Aliwaomba wakulima wachume pamba "gingerly", akitamka "jinjali". Nilijua "ginger" ni tangawizi, basi nikatangaza kwa kujiamini: "Nyunyizeni maji ya tangawizi!"

"Mwalimu, pamba ikilowa si itaoza?" aliuliza Mama Kabula, mjane.

"Huo ndio utaalamu wa kisasa, mama."

Mama Kabula alipoleta mavuno yake yamelowa, yananukia kama chai, Mzungu alishangaa. Nilipomweleza nilivyotafsiri, akasema kwa upole kwamba neno lile maana yake ni kwa uangalifu. Inadhaniwa lilitoka Kifaransa cha zamani, wala si kwenye tangawizi.

"Amesemaje?" aliuliza Mama Kabula.

Wakulima wote wakanigeukia, maana mkalimani nilikuwa mimi.