Mpira Mpya wa Mlango

Leo fundi hapa Rau amepaka gundi kwenye mpira mpya wa mlango wa gari langu, na harufu ile imenirudisha utotoni, uani kwetu.

Mama alikuwa amerudi kwao, juu mlimani, na mdogo wangu mchanga. Labda kulikuwa na sababu nyingine, sitaki kumsingizia baba. Nilichosikia ni kwamba hapandi tena lile gari la mtumba, maana mpira wa mlango ulikuwa umelika, upepo ukawa unamwingia mtoto kifuani.

Baba akabandua ule mpira, akabandika mpya, akakata na jani la isale la kuombea msamaha. Njia nzima ya kwenda kumchukua mama niliogopa. Mpira mpya ulikuwa mnene, mlango haushiki mpaka uubamize. Sasa ukweni nani anabamiza mlango?

Bibi alilipokea isale, kwa sababu halikataliwi, lakini hakucheka. Mama akapanda na mtoto, akauvuta mlango polepole. Haukushika. Akarudia. Haukushika.

"Ubamize," baba alinong'ona.

"Mbele ya mama yangu?"

Bibi akasogea. Nikajua basi, anamshusha. Akaupapasa mpira kwa kidole, kutoka juu mpaka chini, bila haraka.

"Toa mguu," akamwambia mama, akaubamiza mwenyewe mpaka kuku wakakimbilia migombani.

Ndani kukawa kimya. Nikamsikia mtoto anavyopumua.