Nili-bypass mpira wa kupumua wa injini ya dizeli turbo, majirani Batsinda wakaifungia gari yangu njia

Wakuu, za mihangaiko.

Leo naleta jambo langu la gari. Kila ninachoandika kimenitokea mwenyewe hapa Kigali, sijasimuliwa na mtu. Wale mnaosema wanawake tunajua gari kwa rangi tu, vuteni kiti mkae.

Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Karagwe. Naishi Batsinda na mume wangu, binti yetu Keza, na mama yangu mzazi. Nashona na kuuza yunifomu Kimironko. Gari yangu ni station wagon ya dizeli yenye turbo, imeshakula chumvi nyingi.

Mama alipata stroke mwaka jana. Mkono wa kushoto haushiki vizuri, mguu anauburuza. Kila Jumanne na Ijumaa nampeleka mazoezi. Kichochoro chetu ni mteremko mkali unaoishia ukutani, kwa hiyo teksi hazipendi kushuka maana lazima zipande kwa rivasi. Pikipiki ndiyo kabisa, hawezi kuipanda.

Maana yake gari ikilala, mazoezi yanalala. Na mtaalamu wa mazoezi alishatuambia wazi kwamba mguu ukikosa kazi miezi hii, utabaki hivyo hivyo.

Shikeni hapo, ndiyo sababu ya ubishi wangu wote.

Sasa gari ikaanza kukosa nguvu mlimani. Moshi wa bluu nyuma, oili inapungua. Nikaipeleka Muhima kwa fundi wangu Célestin, Mkongomani mmoja mtaratibu sana. Akafungua mpira unaotoka kwenye turbo kwenda intercooler, kile kipoza hewa, oili ikamwagika kama chai.

"Mama Keza, hii turbo iko imechoka. Tafuta ingine," akasema.

Mume wangu aliposikia, jibu lake likawa uza. Nikaja humu kuuliza, na nyinyi mkaniambia uza, tena wengine mkaongeza na vicheko. Nawajua kwa majina yenu.

Nikasema siuzi.

Nikaanza kusoma nyuzi za humu moja baada ya nyingine mpaka nikaelewa kitu. Injini inapumua. Kuna gesi kidogo inayopenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili, na lazima itoke. Kwenye gari za siku hizi haitolewi nje. Inapita kwenye kichujio kidogo juu ya injini kinachoizuia oili, halafu inarudishwa kwenye mdomo wa turbo ikachomwe.

Kichujio kikichoka, oili nayo inapanda na ule mvuke. Turbo inaonekana inavuja, kumbe inanyweshwa.

Nikarudi kwa Célestin na ubishi wangu. Tukawasha injini, tukauweka mfuniko wa oili juu ya tundu lake bila kuufunga. Ulitetemeka tu, haukuruka. Hiyo ni dalili nzuri kwa ringi. Tukashika shafti ya turbo, haichezi. Célestin akakuna kidevu, akakubali kwamba tusinunue turbo kwanza.

Tatizo, kichujio cha gari yangu hakiuzwi peke yake. Inabidi uagize mfuniko mzima wa juu ya injini na usubiri. Mimi nina Jumanne na Ijumaa.

Ndipo tukaamua bypass. Mpira wa kupumua tukauchomoa kwenye mdomo wa turbo, tukauongeza urefu, tukaushusha hadi chini ya gari upumulie nje. Pale mdomoni pa turbo tukaziba vizuri isije ikavuta vumbi.

Hapa nisimame kidogo. Kuna fundi wa jirani alipita akashauri tuuzibe mpira wenyewe, yaishe. Wakuu, msije mkafanya hivyo. Gesi ikikosa njia inasukuma sili, na oili itatokea kila mahali. Nilimwambia kwa heshima aendelee na safari yake.

Matokeo? Gari ilipanda mlima wa kwetu kama imeokoka. Mabomba makavu, moshi hakuna. Nikatamba nyumbani mpaka mume akawa anaondoka sebuleni nikitaja neno turbo.

Halafu ikaanza harufu. Ukisimama kwenye taa, ndani kunanuka oili ya moto. Tukafungua madirisha. Kisha nikaona tone chini, nikalifuta kwa kiatu. Nilijiambia ni tone tu.

Kwingine tone ni tone. Kwetu kichochoro tulikitandazia mawe kwa mchango wa majirani, na kinafagiliwa kuliko sebule za watu.

Ikafika Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Safari hii mtaa wetu ulipangiwa kusugua njia na mifereji. Mama Deborah, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akakutana na tone la kwanza juu karibu na lami. Akalifuata la pili, la tatu. Watu wakaacha mafagio wakaandamana naye. Nami nimo, nina brashi mkononi, naona msafara unashuka kuelekea getini kwangu.

Kwenye kikao baada ya kazi, Mzee Faustin, kiongozi wa mtaa wetu, akanisimamisha.

"Mama Keza, hii oili iko inatoka kwa gari yako. Sisi wote tulichangia haya mawe."

Nikaanza kueleza habari za kichujio na turbo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Lakini mvua ikinyesha, mtu atateleza. Huyo mama yako ndiye atakuwa wa kwanza."

Niliona aibu, lakini zaidi niliogopa, kwa sababu alisema kweli. Kikao kikaamua gari isishuke kwenye kichochoro mpaka nimeitengeneza. Iachwe juu kwenye lami.

Siku hiyo nilisugua mawe kwa sabuni ya unga mpaka vidole vikachubuka.

Jumanne ikafika. Nikamwambia mama leo tusiende, gari iko mbali.

"Oya," akasema, yaani hapana. "Nipe fimbo."

Wakuu, ule mlima mimi mwenyewe nikiupanda na mfuko wa viazi napumzika. Mama aliupanda kwa hatua ambazo mtu angeweza kulala katikati yake. Mimi upande wa kushoto nimemshika kiuno. Nyuma yetu nikasikia kitu kinaburuzwa, kugeuka ni Mama Deborah, yule yule, amebeba kiti cha plastiki. Kila mama alipochoka, kiti kikawekwa. Hakuna aliyezungumza habari za oili. Tulichelewa mazoezi, lakini tulifika.

Wakati huo mimi na Célestin tuko vitani. Dawa ni catch can, yaani kopo la kukamata oili. Mvuke unaingia kwenye kopo, oili inabaki humo, gesi safi inarudi kwenye turbo. Hakuna harufu, hakuna tone.

Kopo la kwanza tulitengeneza wenyewe na kulijaza steel wool ya kusugulia sufuria. Baada ya siku chache tukalifungua, nyuzi zimeanza kukatika. Zingefika kwenye turbo, ningewaletea uzi wa msiba. Tukatupa. La pili likavuja kwenye maungio. La tatu Célestin alimpa mchomeleaji, akaweka wavu mgumu wa chuma ndani na bomba la kumwagia oili chini. Hilo likakaa.

Nikaiegesha gari juu ya karatasi nyeupe, injini ikiunguruma. Nikamwita Mzee Faustin aje aone. Akainama, akapapasa karatasi, akasema haya, shuka.

Nilishuka na gari hadi getini nikiwa na furaha ya harusi. Ijumaa asubuhi nikafungua mlango wa mbele, nikamwita mama.

Akatoka na fimbo yake. Akaitazama gari, akanitazama mimi.

"Ipeleke juu."

"Mama, imepona. Nimehangaika ifike hapa kwa ajili yako."

"Nimeona. Asante mwanangu. Ipeleke juu, unisubiri."

Kwa hiyo wakuu, somo langu. Bypass ya kumwaga nje ni ya dharura tu, usihamie humo. Pima ringi kabla ya kulaumu turbo. Usizibe pumzi ya injini. Na kopo limwage mapema kipindi cha baridi, maana oili huchanganyika na maji ikawa kama uji wa maziwa.

Mwenye uzoefu wa catch can kwenye miinuko aje aseme anamwaga kila baada ya muda gani. Mnaosema uza, nanyi karibuni, nimeshawazoea.

Nitawajibu nikiwa hapa hapa juu kwenye lami. Nina muda. Mama ndiyo kwanza amefika nusu ya mlima, na leo Mama Deborah amekuja bila kiti.