Sensa Iliyoganda Njiani Kwenda Bukene

Nilikwenda Bukene kwa sababu ya maziwa niliyonyonya kabla sijalijua jina langu. Zamani wazazi wangu walikuwa na duka la vitambaa pale, karibu na stesheni. Mama aliponizaa alishikwa na homa kali, maziwa yakakauka. Jirani yetu, Mama Milembe, Mnyamwezi na Mkristo wa Moravian, alikuwa akimnyonyesha mwanawe Maganga. Akanichukua na mimi, akatunyonyesha wawili mpaka mama alipopona. Baadaye tulihamia Tabora mjini, lakini kwa dini yetu ya Kiislamu Maganga ni kaka yangu, na kwao hakuna aliyewahi kusema vingine. Hana dada mwingine. Kwa hiyo binti yake Kabula alipopata mchumba, simu ilipigwa kwangu.

"Dada, shangazi ndiye anayemtoa mwari chumbani," Maganga aliniambia. "Usipofika, hatoki."

Asubuhi ya siku ya kumuaga Kabula, mimi na mume wangu Nassoro tuliswali, tukapakia mchele, khanga na zawadi, tukaondoka. Gari letu ni la zamani, na siku hizo mshale wa joto ulikuwa umelala chini kwenye baridi, hauinuki kabisa. Fundi wetu wa mjini alishatueleza kwamba sensa ya joto imekufa. Ndicho kile kidude kidogo cha shaba kinachoiambia injini kwamba imepata moto, ili feni iwake. Alijaribu kukifungua, kikakataa.

"Kimeganda," alisema. "Nikikilazimisha kitakatikia ndani, na nyinyi mna safari. Chukueni hiki kipya mkae nacho. Lakini msiende polepole. Gari likikimbia, upepo utaipoza injini."

Mpaka Nzega upepo ulitusaidia. Lami ni nzuri, na Nassoro alikuwa akiimba. Tulikunywa chai na chapati, nikampigia Maganga kumwambia tunakaribia.

Baada ya Nzega tuliiacha lami, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Barabara ilikuwa ya mashimo na mchanga, haikimbiliki. Tulikuwa tukisikia watu wa zamani wakisema misafara ya wapagazi ilipita pande hizo. Siku ile nasi tulikwenda kwa mwendo wao. Kabla hatujafika mbali, mvuke ulianza kutoka kwenye boneti. Gari lilikuwa linachemsha. Nassoro alizima injini, akafunua, akaikuta feni imesimama tuli.

Mbele yetu kidogo kulikuwa na mashine ya kusaga inanguruma, na nje yake wanawake wamepanga foleni na ndoo zao za mahindi. Nilikwenda kuomba maji. Mwenye mashine alitoka, mama wa makamo, nyusi zake nyeupe kwa unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maji yapo. Lakini mnakwenda wapi?"

Nilimweleza. Alinitazama tangu ushungi mpaka viatu.

"Shangazi wa mwari ni wewe?"

"Ni mimi. Nilinyonya kwa bibi yake."

Hakuuliza zaidi. Alikwenda hadi kwenye gari, Nassoro akamwonyesha sensa mbovu na ile mpya. "Maji yatawafikisha kwenye ile kona tu," alisema yule mama. "Hiki lazima kitoke." Kisha akarudi ndani, na mngurumo wa mashine ukakatika. Aliizima. Nilishtuka, nikawatazama wale wanawake wa foleni, nikaanza kuwaomba radhi. Mmoja, mwenye mtoto mgongoni, akanikatiza.

"Unga tutasaga tu, dada. Mwari hawezi kukaa chumbani mpaka kesho."

Tulingoja injini ipoe. Nassoro alipunguza maji ya rejeta, akachomoa waya wa sensa. Mama Luhende, kwani ndilo jina lake, alileta dizeli iliyochanganywa na oili, akaidondoshea kwenye shina la sensa, akagongagonga taratibu kwa nyundo ili mafuta yapenye kwenye hesi, ile mizunguko ya skrubu inayokishikilia. Kisha Nassoro akavika spana.

"Kaza kidogo kwanza," Mama Luhende alimwambia, "ndipo ulegeze. Nenda, rudi. Nenda, rudi."

Ilisogea kidogo. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Mara tukasikia *kak!* Nassoro akainua spana, na kichwa cha sensa kimo ndani yake. Kiwiliwili kilibaki kwenye tundu.

Mume wangu alikaa chini kwenye vumbi. Mimi machozi yalinilenga. Simu ikalia, alikuwa Maganga. Nilimwambia ukweli, kwamba huenda nisifike, wamtafute mtu mwingine. Nikasikia akimwambia mama yake. Kisha nikasikia sauti ya Mama Milembe kwa mbali: "Mwambie tunamngoja."

Nilipokata simu, Mama Luhende alikuwa amechungulia tundu. "Kimebaki kitupu kama bomba," alisema. "Afadhali." Alileta tupa kuukuu ya kunolea vyuma, akaigeuza upande wa mkia, ule mwembamba wenye pembe nne, akaugonga ndani ya shaba mpaka ukang'ata. Mwanamke mwenye mtoto alikuwa ameshatoka nyumba ya jirani na birika la maji yanayochemka. Wakayamwaga kuzunguka tundu, chuma kitanuke. Nassoro aliishika tupa kwa spana, Mama Luhende akaweka mikono yake juu ya mikono ya mume wangu, wakazungusha pamoja. Ililia kama mlango wa zamani. Ikazunguka. Ikatoka na kile kipande, kimejaa unga wa kijani wa kutu.

Walisafisha hesi kwa kitambaa, wakafunga sensa mpya, tukajaza maji. Nassoro aliwasha injini, tukasimama wote kuizunguka, foleni nzima. Mshale ukapanda. Tukangoja. Feni ikaanza kuzunguka yenyewe, na watu wakapiga makofi.

Tulifika Bukene alasiri imeshakwisha. Ua ulijaa, wageni walikuwa wamekaa kwa subira, na chumbani Kabula alikuwa ameufumbata mkono wa bibi yake. Nilinawa, nikamfunika khanga, nikamtoa nje.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda kanisani, nilikaa na Mama Milembe jikoni, nikamshukuru kwa maziwa, jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa mdomo. Akacheka.

"Mwanangu, Maganga alikuwa mvivu wa kunyonya. Maziwa yalinijaa, yakaniuma mpaka nalia. Wewe ndiye uliyeniponya."

Wakati wa kurudi tulisimama pale kwenye mashine. Mama Luhende alitoka, akanipa kifundo cha mkono kwa kuwa kiganja kilikuwa na unga.

"Haya, sema! Tangu mlipoondoka tunabishana hapa. Wengine wanasema mlifika, wengine wanasema mlilala porini."

"Tulifika, mama. Nilimtoa mwenyewe. Jana alifunga ndoa."

Aligeuka akawapigia kelele wenzake kwa Kinyamwezi, na foleni yote ikalipuka kwa vigelegele, kwa ajili ya msichana ambaye hawajawahi kumwona. Wakataka kujua alivaa nini, alilia au hakulia, mume ni mtu wa wapi. Niliwahadithia yote, tukiwa tumesimama juani.

Ndani ya gari nilimwambia Nassoro kwamba nusura tupitilize, tuwahi nyumbani. Kumbe wale watu walikuwa wameachiwa hadithi ya safari yetu nusu, bila mwisho wake. Tangu siku hiyo, mtu akinisaidia, simwambii asante nikaondoka tu. Narudi kumwambia ilivyokwisha.