Sarafu ya Joka Iliyokataa Kulia

Siku yangu ya kwanza katika duka la sonara, pale Malindi, sikupewa nyundo wala koleo. Fundi Mkuu aliweka sarafu kuukuu ya fedha kwenye ncha ya kidole, akaigonga kwa msumari. "Sikiliza." Ikalia kama kengele ndogo, sauti ikakawia. Akagonga nyingine. Tap! Kimya. "Hiyo ni shaba nyeupe iliyopakwa fedha. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Kusema kweli sikuwa na hakika.

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo kila jambo nililiandika daftarini. Sarafu za Kichina zilitujia mara kwa mara. Zilifikaje kwetu sijui, kila nyumba ina hadithi yake. Nilifunzwa kuyatazama magamba ya joka kwa lenzi: ya kweli huwa makali, ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huwa kama sabuni iliyotumika. Nilifunzwa kupitisha ukucha ukingoni, kutafuta mshono wa kalibu. Lakini nilichokipenda ni mlio.

Baadaye nikapelekwa duka letu la Kilifi, kusimamia meza peke yangu. Jumatano moja akaja Bi Zuena wa Matsangoni, na wifi yake. Alileta mkufu wa bibi yake, sarafu ya joka katikati, imechomelewa kitanzi cha kupitishia mnyororo. Bintiye angeolewa Ijumaa, na alitaka auvae siku hiyo. Wifi alishikilia kuwa ni bati. Nikagonga. Tap. Nikagonga tena. Tap.

"Samahani, Bi. Si fedha."

"Si nilikwambia?" wifi akacheka, duka zima likageuka. "Bibi yenu aliwavisha kifuniko cha sufuria!"

Bi Zuena akaufunga mkufu kwenye leso. "Hakuuvua hata akioga," akasema, akatoka.

Sikutulia. Nikampigia simu Fundi Mkuu.

"Magamba?"

"Makali."

"Mshono?"

"Sikuuona."

"Na kitanzi kilikuwapo?"

"Kilikuwapo."

"We bwana! Kengele ukiishika, italia?"

Kumbe kitanzi kilichochomelewa ndicho kilichoishika sarafu isilie. Niliyoyaona kwa macho yote niliyatupa kwa ajili ya sikio!

Alhamisi asubuhi nilifunga duka, nikaenda Matsangoni na mizani yangu ndogo. Wanawake walikuwa uani wakichagua mchele, bibi harusi miongoni mwao. Nikasema mbele yao wote, "Jana niliharakisha. Huenda nimekosea, huenda sikukosea. Naomba nipime tena." Nikamwomba wifi mwenyewe ajaze gilasi, asije akasema maji nimeyatia dawa.

Sarafu bila mnyororo: gramu ishirini na nane. Nikaiweka gilasi juu ya mizani, nikairudisha namba kwenye sifuri, nikaining'iniza sarafu majini kwa uzi, isiguse chini. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Maji yanayosukumwa na fedha hayafikii sehemu ya kumi ya uzito wake. Ya shaba nyeupe huipita. Nilikuwa nikitafuta namba iliyo chini ya mbili nukta nane.

Mbili nukta saba!

"Rudia," wifi akasema. Nikarudia. Mbili nukta saba. Risasi, ile metali nzito na laini, ingeweza kutudanganya, lakini risasi huchora karatasi kama penseli, hii haikuchora. Maji yalisema si shaba nyeupe. Kwamba ni ya Kichina kweli, hilo nalisema kwa magamba na ukingo, na sina zaidi ya hapo.

Wifi akautwaa mkufu, akairudisha sarafu mnyororoni, akamvisha bibi harusi kwa mkono wake. "Haya, mwanangu. Umekupendeza." Hakuomba radhi, ila nilimwona akiuweka sawa mara mbili.

Nikamwambia Bi Zuena naweza kukitoa kitanzi, sarafu ilie ipasavyo.

"Gonga hivyo hivyo," akasema. Nikagonga. Tap. Akafumba macho. "Ndivyo ilivyokuwa ikigonga vifungo vya gauni la bibi akitwanga. Usikiguse hicho kitanzi."

Nimestaafu sasa, na masikio ni mazito. Vijana wa duka wakiniletea sarafu yenye kitanzi, msumari nauficha mfukoni, namwaga maji kwenye gilasi.