Sahani Niliyoibeba Kwenda Ukweni Mamba

Jamani, hii habari nimeificha sana, lakini kwa kuwa mashemeji zangu wameshaitangaza kijiji kizima cha Mamba, bora mnisikie mimi mwenyewe, maana wao wanaongeza chumvi na aibu niliyonayo inanitosha.

Tumbo lilikuwa linaniwaka muda mrefu (nauza vipuri vya pikipiki hapa Misunkumilo, nikawa nasingizia harufu ya oili), mpaka mke wangu akanikokota hospitali, wakanipima, wakasema nina bakteria wa tumboni na vidonda vimeshaanza. Daktari akataka na wa nyumbani wapimwe. Mke wangu hana. Binti yetu Neema, ambaye kutwa anaruka kamba na hajawahi kulalamika tumbo, anaye! Daktari akaanza kueleza mambo ya kinga ya mwili, ya mtoto inakuwaje na ya mtu mzima inakuwaje, mimi nikaona nimeshaelewa, nikainuka kuwahi mteja dukani. Mke wangu akabaki kusikiliza. Yote yaliyofuata yalianzia pale nilipoinuka kwenye kiti.

Likizo ikaanza, mjomba wake akamchukua Neema kwenda kwa bibi yake Mamba kama kawaida, na mimi dukani akili ikanijia (akili gani, sijui). Nikapiga hesabu: mtoto kinga yake changa, mimi yangu ya kiume, kwa hiyo bakteria huyu ametoka ukweni, wanakokula sinia moja ukoo mzima, mtoto akaniletea. Nikamweleza mke wangu hesabu hiyo yote, nikamwambia lazima nikamchukue mwanangu. Akanitazama, akasema kwa upole, "Twende, ukawaambie mwenyewe." Mngemjua mke wangu, mngejua upole ule si wa bure.

Tukapokewa vizuri, kuku akachinjwa, wali mpya ukamiminwa kwenye sinia, baba mkwe akanawa, na mimi mkwe mzima nikafungua begi nikatoa sahani yangu na kijiko changu. Mkono wa baba mkwe ukabaki hewani.

"Mkwe, kuna nini?"

Nikasimama, nikakohoa kidogo kama mgeni rasmi, nikawaambia kuna ugonjwa, umetoka kwenye sinia hili, na nimekuja kumchukua mtoto kabla nyie hamjammaliza. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kule mlangoni, akaweka jagi la maji chini taratibu. Mimi nikadhani nimeeleweka.

"Baba Neema," mke wangu akasema, "ulipoondoka daktari hakuwa amemaliza. Alisema wengi wanampata mdudu huyu wakiwa wadogo, mara nyingi kwa mzazi, wanakaa naye miaka. Mwili wa mtoto unapigana naye ila unajizuia, kuna askari kazi yao kutuliza ugomvi, ndiyo maana mara nyingi tumbo lake haliumii. Mtu mzima kinga yake inapigana kwa hasira, haipumziki, mpaka inaliumiza tumbo lenyewe. Hiyo kinga yako ya kiume ndiyo inamsaidia mdudu kukutoboa."

Shemeji mdogo akacheka kwa pua. Ningenyamaza hapo ningepona, lakini nikafoka, "Kwa mzazi? Mimi nimempaje?"

Neema, mdomo umejaa wali, akajibu kwa furaha kabisa: "Si unanitafunia nyama, baba! Ikiwa ngumu unaitafuna kwanza halafu unanipa."

Jamani, walicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, wakaelezwa, wakacheka na wao. Baba mkwe peke yake hakucheka.

"Ungekuja kuuliza tungekaa tukaongea," akasema. "Umekuja kutuhukumu mbele ya chakula. Mtoto atabaki hapa mpaka umalize dawa zako na uje uombe radhi."

Nikamwita Neema. Akajificha nyuma ya bibi yake, akashika kitenge chake, akasema, "Kapone kwanza, baba."

Nikarudi Misunkumilo bila mtoto. Siku hizi daktari akiongea siinuki hata duka liungue, namsikiliza mpaka aniombe mwenyewe nitoke. Dawa nilimeza zote, na kila nikimeza niliumia, maana mwanangu alikuwa anakula na kushiba kwa watu niliowaona wachafu, na nyumbani kwangu hakukuwa na wa kuniita baba.