Mnara wa meli umewashwa pinki

Jamani, leo nimeulizwa harusi ni ya nani, nikaishia kutoa siri yangu.

Jioni nimefunga duka Kariakoo, nikaenda Magogoni kupanda pantoni. Nakuta ule mnara wa kuongozea meli umewashwa taa za pinki, mzima!

Watu wanajipiga selfi, kila mtu na mtu wake.
Mimi na mfuko wangu wa vitenge.

Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akaniuliza, "Harusi ya nani hii, mwanangu?"

"Shikamoo mama. Si harusi. Wanatukumbusha wanawake tukapime kansa ya matiti."

"Marahaba. Wewe umejuaje?"

Sijui nini kilinipata.
"Langu la kushoto walishalitoa, mama."

Alitua ndoo, akachukua simu yangu, akanipiga picha. Kidole chake kimeziba nusu ya mnara 😅

"Haya, watumie waliokuuguza."

Nimepitia majina yote kwenye simu. Hayupo hata mmoja, maana sikumwambia mtu.

Mliodhani nilienda Songea kusalimia, nilikuwa hapahapa mjini, wodini.

Jumatatu nina kliniki. Nani atanisindikiza?